Tulijua Kusema ‘Hapana’. ‘Ndiyo’ Yetu Iko Wapi?

KAMA ulikuwa barabarani Juni 2024, au ulikuwa nyumbani ukisambaza mabango kwa simu, hili swali ushawahi kuulizwa. Huulizwa na mjomba siku ya Krismasi nyama ikiwa bado jikoni. Huulizwa na makanga mkiwa mmekwama kwenye msongamano wa Jogoo Road. “Sawa, mswada mliuangusha. Sasa nyinyi vijana mnataka nini hasa?”

Wengi wetu hujibu kwa hasira. Tunataka Zakayo ashuke. Tunataka wezi wa pesa za umma wafungwe. Tunataka polisi waache kutuua. Majibu yote ni ya haki na sioni aibu kuyarudia. Lakini yasikilize tena polepole: karibu yote ni orodha ya vitu tulivyochoka navyo. Mjomba aliuliza tunataka nini, nasi tukamwambia tusichotaka.

Hoja yangu leo ni moja tu. Jibu la mjomba tulikuwa nalo mikononi Juni ile ile, katikati ya vitoa machozi, lakini hatukulitambua kuwa ni jibu. Likatuponyoka. Kuna vijana wenzetu, wa Sudan, waliopitia moto mkubwa kuliko wetu na wakakataa kuliachilia. Tuna la kujifunza kwao kabla ya Agosti 2027 kutufikia.

Juni kwa ufupi

Tukumbushane, maana watu husahau haraka. Mswada wa Fedha wa 2024 ulinuia kuongeza mapato ya serikali kwa takriban Sh346 bilioni. Ndani yake kulikuwa na ushuru wa VAT wa asilimia 16 kwa mkate, ushuru wa magari wa asilimia 2.5 kila mwaka, na ushuru wa mazingira ambao ungepandisha bei ya vitu kama sodo na nepi za watoto. Kwa kawaida hati kama hiyo husomwa na wabunge wachache, mawakili na wahasibu. Sisi wengine husubiri kuona bei dukani.

Safari hii ilisomwa. Wasee waliikata vipande vipande na kuielezea TikTok kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za mama. Mtaalamu mmoja kijana akaunda chombo cha akili unde ambacho ungekiuliza swali lolote kuhusu mswada. Nambari za simu za wabunge zikasambazwa, wakaanza “kusalimiwa” mchana na usiku.

Jumanne, Juni 18, maandamano ya kwanza yalifanyika Nairobi, na siku hiyo hiyo serikali ikatangaza kuondoa baadhi ya ushuru huo, ukiwemo wa mkate. Alhamisi, Juni 20, wabunge 204 waliupitisha mswada katika hatua ya kusomwa mara ya pili, maandamano yakasambaa hadi kaunti nyingine, na jioni hiyo Rex Masai, kijana wa miaka 29, akapigwa risasi katikati ya jiji. Jumanne iliyofuata, Juni 25, wabunge 195 wakaunga mkono, 106 wakapinga. Muda mfupi baadaye waandamanaji wakaingia Bungeni na polisi wakafyatua risasi. Kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini.

Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu (KNCHR) ilisema kufikia Julai 1 watu 39 walikuwa wameuawa, na baadaye idadi hiyo ikapita 60. Tume hiyo hiyo ilirekodi visa 82 vya utekaji nyara kati ya Juni na Desemba, na kufikia mwishoni mwa mwaka watu 29 walikuwa bado hawajulikani waliko. Hiyo ndiyo bei iliyolipwa. Tunapojadili tulichopata, tujadili tukiikumbuka.

Wale waliokuwa kando

Picha zilizosambaa zaidi ni za Bunge, za moshi na za lori la maji likimpiga mtu mmoja aliyesimama na bendera. Lakini kulikuwa na picha nyingine kando ya hizo ambazo hatuzitazami sana.

Madaktari, wauguzi na wanafunzi wa udaktari walijitokeza kwa hiari wakaweka vituo vya huduma ya kwanza katikati ya jiji, na Msikiti wa Jamia ukawa mojawapo ya mahali palipopokea majeruhi. Mawakili walitoka kituo kimoja cha polisi hadi kingine usiku wakitafuta waliokamatwa, bila kudai hata senti. Watu wakachanga mamilioni ya shilingi mtandaoni ndani ya siku chache kulipia hospitali na mazishi. Wengine waligawa maji tu. Chupa moja, watu watano.

Sasa hebu tulia uangalie vizuri kilichokuwa pale. Matibabu bila kuulizwa kwanza kama una pesa. Wakili bila kumjua mtu anayemjua mtu. Mchango wa umma ambao aliyetoa shilingi 50 anaweza kudai hesabu. Na hakuna aliyeulizwa jina lake la pili ili ijulikane anatoka wapi.

Mjomba, hiyo ndiyo jamii tunayoitaka. Ilikuwepo, hapa Nairobi, kwa wiki kama mbili. Haikutoka kwenye kitabu wala manifesto ya chama. Watu waliijenga kwa mikono huku wakikimbizwa.

Pengo la Julai

Kauli iliyovuma zaidi wakati ule ilikuwa: hatuna kabila, hatuna chama, hatuna kiongozi. Kwa Juni, ilikuwa ngao safi. Ukikosa kiongozi, hakuna wa kuitwa Ikulu kunywa chai usiku. Hakuna wa kununuliwa. Wazazi wetu walishuhudia maandamano mengi yakiishia kwa kusalimiana mikono, kwa hivyo sisi tukaamua kutoacha mkono wowote wa kusalimiwa.

Halafu Julai ikafika. Julai 11 Rais akavunja karibu Baraza lote la Mawaziri. Baraza jipya lilipotangazwa, baadhi ya sura za zamani zilirudi na vigogo wa ODM wakaingia. Kelele zilikuwa nyingi mtandaoni, lakini hakukuwa na mahali ambapo sisi, tuliolipia mabadiliko hayo, tungeketi tuamue tunasema nini. Desemba 2024 ikaja Sheria ya Marekebisho ya Ushuru, iliyorudisha baadhi ya mapendekezo ya mswada ule ule tuliouangusha. Uliisoma? Wengi hatukuisoma. Madaktari walikuwa wamerudi wodini, mawakili ofisini, na yale makundi ya WhatsApp ya Juni yalikuwa yamebaki kutumiana matangazo ya kazi na vichekesho.

Mwaka uliofuata tukarudi barabarani. Juni 2025 mwalimu na bloga Albert Ojwang alifariki akiwa mikononi mwa polisi, hasira ikafufuka, na Juni 25 na Julai 7 watu wengine wengi wakauawa. Tukahesabu maiti tena. Tukaimba tena. Tukaenda nyumbani tena.

Wapo wanaosema shida yetu ni kukosa kiongozi. Mimi naona tulikosa mahali. Nazungumzia chumba, uwanja au kivuli cha mti ambapo watu wa mtaa mmoja hukutana kila wiki, kuwe na vitoa machozi au kusiwe. Kiongozi unaweza kuishi bila yeye kwa muda. Bila mahali, kila maandamano yanaanza kutoka sufuri.

Mkate wa Atbara

Hapo ndipo Wasudan wanaingia.

Desemba 2018, katika mji wa Atbara na miji mingine ya Sudan, watu waliingia barabarani kwa sababu bei ya mkate ilikuwa imepanda mara tatu, kutoka pauni moja hadi tatu za nchi hiyo. Naam, mkate, kama sisi. Omar al-Bashir alikuwa amekaa mamlakani kwa miaka 29 wakati huo. Aprili 6, 2019, umati ukapiga kambi mbele ya makao makuu ya jeshi jijini Khartoum. Siku tano baadaye, Aprili 11, Bashir akaondolewa na majenerali wake mwenyewe.

Waandamanaji hawakuondoka. Kambi ile ikawa kama mji mdogo: kulikuwa na kliniki, majiko, madarasa, akina mama wa chai na watu wa kupekua wanaoingia ili silaha zisipenye. Wasudan wana neno la kale, nafir, linalomaanisha mwito wa kijiji kizima kutoka kufanya kazi pamoja, kuvuna shamba la mgonjwa au kujenga nyumba iliyosombwa na mafuriko. Sisi tungesema harambee, kabla neno hilo halijageuka kuwa mwanasiasa na bahasha kanisani.

Juni 3, 2019, askari waliivamia kambi hiyo na kuua zaidi ya watu 100. Kisha utawala ukazima intaneti karibu nchi nzima. Kwa hesabu ya kawaida, hapo ndipo vuguvugu linakufa. Sisi wenyewe tulionja kidogo Juni 25, 2024, mtandao ulipoyumba na nusu ya mji ikabaki gizani bila kujua nini kinaendelea. Hebu fikiria hali hiyo kwa wiki kadhaa.

Lakini Juni 30, 2019, umati mkubwa ulifurika barabara za Khartoum na miji mingine. Nani aliwaita, na intaneti imezimwa? Kamati za mitaa. Wenyewe waliziita kamati za upinzani. Zilianza kuchipuka karibu 2013: vijana wachache kwa kila mtaa, wanaojuana kwa nyuso, wanaojua nyumba ya nani ina mgonjwa na duka la nani lina mashine ya kupiga chapa. Walipita mlango kwa mlango na vikaratasi. Hawakuhitaji data.

Kinachonigusa zaidi ni walichofanya baadaye. Baada ya Bashir kwenda, kamati hizo zilisimamia ugavi wa unga na mkate mitaani ili usiuzwe kwa magendo. Jeshi lilipopindua serikali ya mpito Oktoba 25, 2021, walirudi barabarani, na wakati huo huo wakaketi kuandika. Februari 2022, kamati za Khartoum zilitoa hati ya kisiasa iliyoeleza Sudan wanayoitaka, yenye mabaraza ya mitaa yakiwa msingi na bunge la nchi likijengwa juu yake. Kamati za majimbo mengine zilikuwa na rasimu zao, wakajadiliana kuziunganisha. Fikiria hilo: vijana wa mitaa wakibishana kuhusu ibara na vifungu, kesho yake wanakimbia risasi.

Aprili 15, 2023, vita vikazuka kati ya jeshi na kikosi cha RSF. Ndoto ya hati ile ikafukiwa na mabomu. Lakini mahali palibaki. Kutoka kwa kamati hizo na mitandao yake yalizaliwa makundi ya dharura ya mitaani, yanayopika chakula cha pamoja, kuhamisha wagonjwa, kurekebisha mabomba ya maji na kuendesha zahanati pale ambapo mashirika makubwa hayafiki. Wanaojitolea wameuawa na kukamatwa na pande zote mbili za vita. Mapema 2025, Marekani iliposimamisha misaada ya kigeni, majiko mengi yalifungwa. Mengine yanaendelea kwa michango ya Wasudan walioko ng’ambo. Mwaka huo huo makundi hayo yalitunukiwa Tuzo ya Rafto ya Norway.

Sisemi Sudan ni mfano wa ushindi. Nchi imeraruka, na Wasudan wengi waliokimbilia Nairobi hawakuja hapa kutalii. Kamati za mitaa hazikuweza kuwazuia majenerali wawili wenye bunduki na dhahabu. Lakini swali la mjomba, “mnataka nini?”, kijana wa Khartoum angeweza kulijibu kwa kukuonyesha sufuria.

Uhuru Park

Kabla hujasema hayo ni ya Wasudan, hebu tuingie Uhuru Park, hapo tu chini ya Community.

1989, serikali ya KANU ilitaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani hiyo. Wangari Maathai na vuguvugu lake la Green Belt walipinga hadi mradi ukafa. Julai 7, 1990, siku ya Saba Saba, watu waliitwa Kamukunji kudai vyama vingi. Kenneth Matiba na Charles Rubia walikuwa tayari wametiwa kizuizini, mkutano ulikuwa umepigwa marufuku, lakini watu wakaenda, na wengine hawakurudi. Desemba 1991, kifungu cha 2A kilichofanya KANU kuwa chama pekee kikafutwa.

Halafu, mwishoni mwa Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa waliketi kwenye pembe ya Uhuru Park wakaanza mgomo wa kutokula. Walitaka watoto wao 52 waachiliwe. Walikuwa wazee wa mashambani, si wanaharakati wa kulipwa. Machi 3 polisi wakawavamia kwa rungu na vitoa machozi, na baadhi ya akina mama wakavua nguo, laana kubwa zaidi ambayo mama anaweza kumrushia mtu wa umri wa mwanawe. Wakahamia kanisa la All Saints, ng’ambo ya barabara, wakakaa humo karibu mwaka mzima.

Soma tena hapo: karibu mwaka mzima. Mahali pale palikuwa kambi ya maombi na kituo cha ushahidi, watu wakija kusimulia walivyoteswa, wengine kwa mara ya kwanza maishani mwao. Kufikia 1993 wafungwa wengi walikuwa wameachiliwa. Pembe ile bado inaitwa Freedom Corner.

Na Agosti 27, 2010, katika bustani hiyo hiyo, Katiba mpya ikazinduliwa baada ya asilimia 67 ya waliopiga kura kuiunga mkono. Julai 7, 2024, sisi nao tukajaa pale kwa tamasha la kuwakumbuka mashujaa wetu.

Kwa hivyo mtu akikuambia Gen Z hawana ajenda, mwambie ajenda iko kwenye kile kitabu. Ibara ya 1 inasema mamlaka yote ni ya wananchi. Ibara ya 37 inatupa haki ya kuandamana kwa amani bila silaha. Ibara ya 43 inataja afya, makao, chakula, maji safi na elimu kuwa haki, si zawadi ya mheshimiwa. Mimi niliacha chuo kwa kukosa karo, na siku niliyosoma kwamba elimu imo mle ndani nilirudia mstari huo mara tatu. Ibara ya 201 inataka pesa za umma zisimamiwe kwa uwazi, wananchi wakishirikishwa.

Waliotutangulia waliandika “ndiyo” yao. Sisi tumeirithi ikiwa kwenye karatasi. Kazi iliyobaki ni kuishusha hadi wodi.

Kikao cha watu arobaini

Mwaka jana jirani yangu aliniambia kuna kikao cha maoni kuhusu bajeti ya kaunti, katika ukumbi mmoja mtaani kwetu. Tangazo lilikuwa gazetini, ukurasa wa ndani kabisa, siku chache kabla. Nikaenda.

Tulikuwa kama watu arobaini. Vijana tulihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Wengine walikuwa wazee wa mtaa, akina mama wa chama na watu wawili ambao nadhani walikuja kwa sababu ya soda. Hati ya bajeti ilikuwa nene kama kamusi, kwa Kiingereza, nakala chache, na iligawanywa tulipofika mlangoni. Eti uisome ukiwa umeketi kisha utoe maoni.

Mama mmoja anayeuza mboga akasimama. Hakuwa na hotuba. Aliuliza kwa nini mulika mwizi ya stejini haijawaka tangu mwaka uliopita, ilhali karatasi ile ile ina pesa za kutengeneza taa. Afisa akasema, “Tumeandika, mama.” Mama hakuketi. Akasema, “Umeandika nini? Nisomee.”

Ukumbi ukanyamaza. Afisa akaandika kwanza, kisha akamsomea.

Taa iliwaka? Iliwaka, baada ya yeye kwenda ofisini mara mbili zaidi akiwa na wenzake wa chama. Si mapinduzi. Lakini tangu siku hiyo najiuliza: tungekuwa na akina mama kama yule kumi na vijana hamsini wanaojua kusoma bajeti kama tulivyosoma ule mswada, ukumbi ule ungetosha?

Kenya ina wodi 1,450. Juni 2024 tulithibitisha kwamba tunaweza kuchambua hati ngumu ya kitaifa kwa siku chache. Bajeti ya kaunti ni hati ya aina hiyo hiyo, isipokuwa hii inasema dawa za zahanati yenu ni za pesa ngapi.

Mbegu nazo zipo. Kituo cha Haki za Kijamii cha Mathare kimekuwa kikirekodi mauaji ya polisi mtaani kwa miaka kama kumi sasa, tangu kabla ya wengi wetu kujua maana ya hashtegi, na vituo vingine vya aina hiyo vimeota katika mitaa mingi. Bunge la Mwananchi limekuwa likikutana Jeevanjee Gardens tangu miaka ya tisini, watu wakijadili nchi wakiwa wamesimama. Huna haja ya kubuni jina jipya na nembo. Pengine unahitaji tu kuuliza hukutana siku gani.

“Lakini…”

Najua utakachosema. “Buda, kazi sina, unaniambia niende kusikiliza bajeti?” Ni kweli. Kujitolea ni mzigo, na mzigo ukibebwa na mtu mmoja humvunja. Ndiyo maana kamati za Sudan zilikuwa za watu wengi, kila mmoja kidogo. Huyu anasoma, yule anatafsiri, mwingine anaandika barua, mwingine anapika chai. Saa mbili kwa mwezi zinatosha kuanza.

“Watateka watu.” Wameteka, na sitakudanganya kwamba hatari imekwisha. Lakini kikao cha bajeti kimeitwa na serikali yenyewe kwa mujibu wa sheria, na mtu anayejulikana na majirani mia moja ni vigumu kupotea kimyakimya kuliko mtu anayejulikana na wafuasi elfu kumi wasiojua anakoishi.

“Mkianza kukutana, wanasiasa watawanunua.” Watajaribu. Hapo ndipo somo la kutokuwa na kiongozi mmoja linafaa kubaki: zamu za uenyekiti, hesabu wazi ukutani, na hakuna mtu wa kwenda ofisi ya mheshimiwa peke yake. Tulivyodai risiti za michango Juni, tudaiane hivyo hivyo.

Na maandamano je? Yabaki. Kuna siku barabara ndiyo barua pekee wanayoisoma. Ila anayetoka barabarani akiwa na mahali pa kurudi anarudi na watu, si na hasira peke yake.

Kalenda

Kwa hivyo toa simu uandike tarehe hizi. Kila mwaka, kufikia Septemba 1, kaunti hutakiwa kupeleka mpango wake wa maendeleo katika bunge la kaunti. Kufikia Februari 28, karatasi ya mkakati wa fedha, ile inayoamua sekta gani inapata ngapi. Kufikia Aprili 30, makadirio ya bajeti yenyewe, na huko Bungeni Mswada wa Fedha huwa unafika wakati huo huo. Juni 30 mwaka wa kifedha unafungwa. Tulipoingia barabarani Juni 18, zilikuwa zimebaki siku 12.

Ukitaka hati na ofisi inakuzungusha, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inawapa siku 21 kukujibu. Andika barua, weka nakala, piga picha ya muhuri.

Kisha kuna kura. Agosti 10, 2027, hatutachagua Rais peke yake. Tutachagua diwani, yule ambaye wengi wetu hatumjui jina, ndiye anayepitisha bajeti ya ile zahanati. Kama hujajisajili, anzia hapo.

Na mjomba akiuliza tena Krismasi ijayo, usibishane naye. Muulize wodi yake ni gani, diwani wake ni nani, na kama Jumamosi ya pili ya Januari ana nafasi. Mwambie kuna kikao, watu ni wachache, na viti vipo.